Asante, kaka wa msasa

Kaka uliyesimama kunisaidia na pikapu iliyolala muda mrefu bila kuwashwa, asante sana. Nilikuwa nikizungusha ufunguo, stata, ile mota ya kuwashia injini, inagonga "ta!" halafu kimya. Kila mpita njia alisema betri imekufa, wakati nilitoka kuichaji. Wewe ulipima kwanza: volti 12.6, imejaa. Ukaingia uvunguni, ukaufuata waya wa ethi, ule wa hasi wa betri, hadi unapofungwa kwenye chesisi. Kutu tupu, umeme haupiti vizuri! Ukafungua nati, ukasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, ukakaza. Injini ikashika palepale. Hata maji yaliyotuama kwenye chujio la dizeli ukayamwaga, na hakuna aliyekuomba. Hela ukakataa katakata. Mungu akuzidishie, kaka.