Arles sio Van Gogh tu, na mto nao muuangalie

Mhariri,

Salaam. Makala yenu ya safari kuhusu Arles, huu mji wa kusini mwa Ufaransa, nimeisoma nikiwa hukuhuku Arles, huu mwaka wa tatu napiga kazi jikoni mjini hapa, na kusema kweli imeniudhi kidogo. Mchoraji Van Gogh mwanzo mwisho! Sawa, kachora sana, ila jamaa kaingia Februari 1888 na Mei 1889 kashaondoka, na ile nyumba yake ya njano mliyoisifia ilipigwa bomu 1944, haipo, ukienda pale hamna cha kuingia.

Mto Rhône mmeutaja mara moja tu, tena kama pambo, wakati huu mji ni wa mto toka enzi hizo. Mwaka 49 KK Julius Caesar, jemadari wa Warumi, akiwa anaizingira Marseille aliagiza hapa meli 12 za vita, na kwa maandishi yake mwenyewe zilikuwa tayari siku 30 tu toka miti ikatwe, nenda kaagize hata kabati kwa fundi leo uone. Miaka mitatu baadae akaugawa mji kwa askari wake wastaafu.

Halafu jumba la makumbusho liko palepale kando ya mto, mwandishi wenu kalipita. Mle ndani kuna tishali la Warumi lenye urefu wa mita 31, sakafu bapa, lilizama na shehena ya mawe ya kujengea karne ya kwanza likafunikwa na tope na takataka za bandari, na ndio maana mbao hazijaoza. Wapiga mbizi waliliona 2004, likatolewa 2011 vipandevipande, likatibiwa dawa na kukaushwa, na 2013 watu wakaanza kuliona. Mimi kilichonishika ni jiko lao. Mtungi mkubwa umekatwa, wanawashia moto humo, mabaharia wakapika palepale juu ya mawe yao, yaani nilisimama hapo hadi mlinzi akanitazama vibaya. Na kuna sarafu moja ya fedha ilichomekwa katikati ya mbao za omo, yaani mbele ya chombo, wanasema ya kuombea bahati, haikusaidia maskini.

Ule uwanja wa Warumi nao mmesema ulikuwa gofu mpaka wakaja watalii, hapana, watu walihamia humo wakajenga, nyumba zaidi ya 200 na makanisa, ukawa mtaa kamili mpaka miaka ya 1820 walipoanza kuzibomoa.

La mwisho, picha yenu ya simba wa mawe mmeandika chini "lango la mji". Sio lango jamani. Ni simba wa daraja la treni, daraja lenyewe lilipigwa mabomu Agosti 1944 halikujengwa tena, simba wamebaki ng'ambo zote mbili wanautazama mto. Naomba msahihishe.

Msomaji wenu,
Arles, Ufaransa