Herufi Ndogo Chini ya Barua

Iyunga, Mbeya

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako ya Jumapili niliipokea, marahaba. Huku tu wazima. Baridi imeshika kwelikweli, asubuhi mlima Loleza hauonekani kwa ukungu, na vidole vinaniuma kwenye viungo, ndiyo maana unaona mwandiko umelala. Ningekupigia, lakini unanijua: kwenye simu nasema "haya mwanangu, haya", nikishakata ndipo maneno yanakuja.

Ulisema ulikesha siku mbili ukiandika hotuba ya bosi wako, akaisoma mbele ya mabalozi, ukumbi ukapiga makofi, na wewe umesimama nyuma karibu na katoni za maji umeshika mkoba wake. Halafu ukasema neno lililonichoma: "Kumbe mimi ni mkono tu, Mama." Nikakujibu haya mwanangu, haya. Leo nimekaa mezani, jiko liko mlangoni linawaka, nataka nikujibu vizuri.

Unamfahamu Joan Wicken? Umesomea uhusiano wa kimataifa miaka mitatu, ulikuwa ukija likizo unanihutubia habari za siasa za nje za Mwalimu Nyerere mpaka ugali unapoa, na jina hilo sijawahi kulisikia kinywani mwako. Mimi nililisikia chuo cha uhazili, kwa mwalimu wetu wa hatimkato, ule mwandiko wa haraka wa alama, mama mmoja mkali sana. Kila tulipolalamika kwamba kazi yetu ni ya kuandikia watu, alituuliza: "Mnadhani Mwalimu anajichapia mwenyewe?"

Wicken, msaidizi binafsi wa Mwalimu, alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa 1925. Alisoma Ruskin, chuo cha watu wazima kule Oxford kilichokuwa kikipokea watu waliotoka kazini. Akaajiriwa makao makuu ya chama cha Labour cha Uingereza. Mtu mwingine wa chama hichohicho, John Hatch, ndiye aliyekuja Dar es Salaam 1955 akawauliza viongozi wa TANU, chama kilichodai uhuru, wanawake wao wako wapi, na swali lile ndilo lililomfungulia mlango Bibi Titi Mohamed. Lakini Bibi Titi ana barabara yake mjini, kila dereva wa daladala anamtaja. Turudi kwa huyu asiyetajwa.

Alifahamiana na Mwalimu katika miaka ile ambayo Mwalimu alikuwa akienda London kudai nchi. Mwaka 1957 akaja mwenyewe Tanganyika kutazama. Kilichomkaa moyoni kilikuwa chuo: mtu mzima aliyekosa sekondari naye apate pa kusoma uchumi na siasa, kama yeye alivyopata Ruskin. Alirudi kwao kuchangisha fedha, na 1961 Chuo cha Kivukoni kikafunguliwa. Wakati huo, tangu 1960, alikwisha kuwa msaidizi binafsi wa Mwalimu. Akabaki kwenye meza hiyo zaidi ya miaka thelathini. Mwalimu alikuwa Waziri Kiongozi, akawa Waziri Mkuu, akawa Rais, akang'atuka, akaongoza Tume ya Kusini, ile ya nchi zinazoendelea, kuanzia 1987 hadi 1990, na meza ya Wicken iko palepale jirani. Mawaziri wangapi walikuja wakaondoka katika muda huo? Alifariki 2004, na ungewauliza watu kumi pale Mwanjelwa, tisa wangedhani unataja aina ya mbegu za mahindi.

Sasa, watu wakisikia "msaidizi binafsi" wanaona mtu wa chai na kalenda. Kazi yake hasa ilikuwa rasimu. Hotuba, makala za magazeti ya nje, barua kwa wakubwa wenzake, matayarisho ya vile vitabu vya hotuba vilivyotoka 1966, 1968 na 1973 ambavyo ninyi wasomi ndivyo mnavyomnukuu Mwalimu. Na rasimu wewe unaijua. Mkubwa ana wazo, anazunguka chumbani, anasema hili, anaruka lile, anarudi. Mwenye kalamu ndiye anayeona kipi kitangulie, kipi kifutwe, wapi iandikwe "tunasikitika" na wapi "tunapinga". Azimio la Arusha lilitangazwa kwa Kiswahili tarehe 5 Februari 1967. Tafsiri ya kwanza ya Kiingereza ilikuwa na mahali penye utata, ikabidi irekebishwe kabla ya kuingizwa kitabuni. Hebu fikiria mabalozi wa nchi zenye mabenki wamekaa Upanga, Dar, wanasubiri kujua lipi linachukuliwa na lipi linaachwa, na wanachoshika mkononi ni ile tafsiri. Neno moja likiyumba, simu zinalia London na Washington.

Sikwambii kila neno lilikuwa lake. Wapo wanaopenda kunong'ona kwamba nyuma ya Mwalimu kulikuwa na Mzungu aliyemfikiria. Huo ni upuuzi, na ni matusi kwa wote wawili. Mtu aliyekaa akamtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, tafsiri yake ya Julius Caesar ikatoka 1963, alikuwa na maneno ya kutumia na ya kuazima jirani. Wazo lilikuwa la Mwalimu. Lakini kuna kosa la upande wa pili, na ndilo lililoenea zaidi: kudhani kwamba kwa kuwa wazo si lake, basi yeye alikuwa mashine. Kati ya wazo na karatasi pana nafasi, mwanangu. Mimi nimeishi katika nafasi hiyo.

Jambo hili sijawahi kukueleza. Mwaka 1974 nilikuwa na miaka ishirini na mbili, katika ofisi moja ya serikali huku kwetu, ofisi yenyewe naiacha bila jina. Operesheni Vijiji imepamba moto. Asubuhi moja mzee wa ofisi aliniita na daftari, akanisomea barua ya kwenda kwa watendaji: wananchi wote wawe wamehamia kwenye vijiji vipya kabla ya mwisho wa mwezi Mei. Mei, na mahindi bado yamesimama shambani! Nikarudi kwenye mashine. Nikapanga karatasi, kaboni, karatasi, kaboni, nakala nne, nikazigonga mezani zikae sawa, nikazungusha rola. Nilipofika kwenye "wawe wamehamia", vidole vikaandika "mara baada ya kuvuna", na "mwisho wa mwezi Mei" sikuuandika. Sitakudanganya kwamba nilikuwa nimepanga. Niliona tu shamba la bibi yako pale Tukuyu.

Nikampelekea. Akasoma, miwani ikateremka puani.

"Nilisema hivi?"

"Ndivyo ilivyo kwenye daftari, mzee." Nikamfungulia daftari nikamwekea mbele. Hatimkato. Mikia na vitone, hakuna aliyeweza kuisoma ofisi nzima isipokuwa mimi. Aliitazama ile karatasi, akanitazama mimi, muda ambao mpaka leo nausikia tumboni. Akatia saini.

Kuna mahali walisubiri wakavuna. Kuna mahali walivunjiwa nyumba vilevile, barua ipo mezani kwa mtendaji, na binamu ya baba yako alilala nje Juni nzima na mtoto mchanga chini ya turubai. Na usinisifu haraka, kwa sababu kabla ya barua ile nilichapa nyingine, na baada yake nikachapa nyingine nyingi, na hizo sikuzigusa. Kila moja chini kushoto ina herufi za mwanzo za jina la mzee kwa kubwa, mkwaju (/), kisha herufi za mwanzo za jina langu kwa ndogo. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni. Wewe ungedhani ni heshima ya kazi. Sivyo, ziliwekwa ili likipatikana kosa la chapa ajulikane wa kuulizwa.

Kwa hiyo ninapomfikiria Joan Wicken nashindwa kumsifu nusu nusu. Kama tunataka kumrudisha kwenye historia kwa ajili ya Kivukoni, na kwa ajili ya sauti ile ya Tanzania iliyosikika duniani ikiwa kubwa kuliko mfuko wake, basi arudi mzima. Alikuwa mezani pale pale miaka ambayo watu wa kwetu walikuwa wakibebwa kwenye malori. Mwanamke akiwa nyuma ya pazia tunazoea kumpa mazuri tu, kama zawadi ya kumwomba radhi kwa kumsahau. Hiyo nayo ni njia ya kumwona kama mtoto. Mwanamume aliyekuwa na meza kama ile tungemhoji.

Lakini swali lako lilikuwa juu ya kujificha. Mbona yeye alikubali? Tena hakukubali tu, alitaka. Hakupenda kujitangaza. Hapa itazame Desemba 1965. Ian Smith na walowezi wenzake wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) walijitangazia uhuru tarehe 11 Novemba, Uingereza haikuwachukulia hatua ya maana, na tarehe 15 Desemba Tanzania ikakata uhusiano wa kibalozi na Uingereza. Mkopo wa pauni milioni 7.5 ukakwama. Uhusiano haukurudi mpaka 1968. Na katika muda wote huo, jirani na chumba cha Rais ameketi Mwingereza, anaandika! Jina lake lingekuwa kwenye magazeti kila wiki, adui angepata fimbo ya bure: kumbe huyu Mwafrika anayetufokea anaandikiwa na mtu wetu. Kunyamaza kwake kulikuwa sehemu ya kazi yenyewe. Alijua kwamba nchi hii ilihitaji kuonekana inasema kwa kinywa chake, na ilikuwa kweli inasema kwa kinywa chake.

(Sasa hivi treni ya TAZARA imepita, madirisha yanatetemeka. Hiyo nayo ni mtoto wa Rhodesia ileile. Zambia ilibanwa kusini, wakubwa wa Magharibi walisema reli haitalipa, Wachina wakatia saini 1967, na kilomita 1,860 zikakamilika kabla ya muda. Baba yako aliajiriwa kuchimba mitaro upande wa Makambako. Alikuwa akisema reli imejengwa na majembe, mimi nikimwambia imejengwa na majalada, tukabishana hivyo mpaka akafariki.)

Wewe huna sababu ya Wicken. Si mgeni katika nchi hiyo unayoisemea, na hakuna adui atakayefaidika akijua kwamba msichana wa Iyunga ndiye aliyeandika hotuba. Kwa hiyo usijilinganishe naye ukadhani kunyamaza ndio ukomavu. Sitaki pia ukamvizie bosi wako mlangoni kudai makofi. Makofi ni yake, ndiye aliyesimama, na angekosea tarehe ni yeye ambaye angechekwa.

Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana Jumatatu. Ukipewa rasimu, ifungulie jalada. Dokezo la kwanza liwe na jina lako na tarehe. Akikata sentensi yako, ile iliyokatwa nayo ibaki jaladani, usiitupe. Nakala iende masijala. Miaka hamsini ijayo atakuja mtu kutafuta ni nani aliyeongeza neno na ni nani aliyelipunguza, amkute. Na mwombe mzee wako, kwa adabu, akuingize chumbani wanapozungumza, ukae pembeni na daftari. Mwambie utaandika vizuri zaidi ukisikia mwenyewe, naye atakubali, kwa kuwa ni kweli. Wicken hakuandika kwa kusimuliwa na mtu wa tatu.

Na ikitokea umepewa kuandika jambo ambalo tumbo linakataa, nipigie. Hata usiku.

Kaka yako amenunua mbolea, bei usiniulize. Mama mchungaji anakusalimu, anauliza tena habari za mchumba, nimemwambia uko bize na mabalozi. Nikumbushe siku nyingine nikueleze habari za Lady Chesham, Mmarekani kwa kuzaliwa, mlowezi wa Iringa, aliyeingia Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU na kisha akachukua uraia wetu. Huyo naye ana mambo.

Nimekupakilia kwenye basi la kesho mchele wa Kyela kilo kumi, maparachichi (mabichi, yaviringishe kwenye gazeti) na ndizi. Katikati ya mchele kuna kitu nimekifunga kwenye mfuko wa nailoni, usimwage bila kutazama. Ni daftari langu la 1974. Hutaweza kulisoma. Ukurasa wenyewe nimeukunja pembe, na ukija Desemba nitakusomea yule mzee alisema nini hasa.

Mama yako