Kabla hujasema waini yetu mbovu, tuambie mezani kuna nini

Tumepigiwa simu tena, "waini yenu imechacha, mmeniibia". Tukauliza bosi ulikuwa unakula nini, akasema kitimoto ya kukaanga na pilipili mbuzi za kutosha. Na waini gani? Ile Cabernet Sauvignon. Sasa hapo waini haijachacha jamani.

Nyekundu ya drai kama hiyo, yaani isiyo tamu, ina tanini, ndio ile inayobana ulimi kama umetafuna ndizi mbichi, halafu alkoholi asilimia 13, 14 na kitu. Pilipili ikikutana na hivyo viwili mdomo unawaka na waini inageuka chungu. Chupa hiyohiyo ipeleke kwenye ndafu au mbavu za mbuzi, chumvi tu bila mbwembwe, tanini inashikana na protini ya nyama inalainika kabisa, utaongeza glasi mwenyewe. Kwenye pilipili chukua yenye sukari na alkoholi ndogo, Moscato d'Asti ya Italia huwa kwenye asilimia 5 hivi, inywe ya baridi. Yaani usiangalie nyama, angalia rosti na pilipili iliyokaa juu yake.

Sato wa kukaanga na limao anataka nyeupe yenye uchachu, Sauvignon Blanc au Chenin Blanc, na Chenin hata Dodoma wanalima. Ukimlazimishia nyekundu, chuma kilichomo kwenye waini kinagombana na mafuta ya samaki, unabaki na shombo mdomoni.

Tukiuliza menyu watu wanadhani tunatafuta njia ya kuwauzia ghali. Kuna dada wa Kiborloni alikuwa na sendoff ya mdogo wake, hakutaka maswali, akabeba katoni za nyekundu drai tupu kwa sababu zilikuwa na punguzo. Mezani sato, pilau na kuku wa pilipili. Wageni wakaanza kuchanganya na soda, chupa zikabaki nusunusu, usiku kamati ikatuma bodaboda ikanunue bia na waini tamu kwa bei ya baa, halafu Jumatatu akaja na chupa zilizofunguliwa anataka hela yake. Angetuambia tungemchanganyia, nyeupe nyingi, tamu kiasi, nyekundu chache za wazee wa ndafu, na angelipa pungufu.

Na bei, ndio, kuna sehemu utapata nafuu. Iangalie ilipokaa lakini, imesimama dirishani na jua la Moshi la Februari linaipiga, joto linaua waini polepole na kizibo kinakauka. Zetu zinalala kwenye chumba cha baridi na umeme wa kile chumba tunaulipa sisi.

Nyekundu nayo ipitishe kwenye friji nusu saa kabla ya kula, nyuzi 16 hadi 18 inatosha, nyeupe 8 hadi 12. Sio friza! Mzee mmoja alisahau chupa humo, ikaganda ikasukuma kizibo nje, akaja kutuuliza kwa nini tunauza chupa mbovu.

Chupa iliyofunguliwa haturudishi kwa sababu ya "sikuipenda". Ila ikinuka kadibodi iliyolowana, hilo ni tatizo la kizibo, linatokea hata kwa chupa ya bei kali, ilete tunabadilisha bila maneno. Ije tu na waini ndani, sio mmeshakunywa mpaka imebaki robo ndio mnasikia harufu.