Shamba la vilima: ulizeni mwinamo kabla ya sentimita

Ndugu Mhariri,

Msimu wa kuandaa mashamba ukikaribia, wenye trekta wa Kongwa, Mpwapwa na Kondoa huletewa matangazo ya vifaa vya setilaiti vya kumwongoza dereva, na karibu kila tangazo hubeba namba moja kubwa: usahihi wa sentimita 2, au 20, au 30. Naomba nafasi niwaeleze wakulima wenzangu kwamba namba hiyo ni ya antena. Si ya tairi, wala si ya planta, yaani mashine ya kupandia, inayofuata nyuma. Kwenye tambarare tofauti hiyo haionekani. Kwenye ubavu wa kilima ndiyo inayoamua kama fedha yako imefanya kazi.

Hesabu yake ni hii. Antena hufungwa juu ya kibanda cha trekta, yapata mita 3 kutoka ardhini. Trekta ikikata mteremko na kuinama nyuzi 10, antena inasogea upande wa bondeni kwa sentimita 52. Setilaiti hazijakosea hata kidogo. Zimepima antena ambayo imeondoka katikati ya trekta kwa zaidi ya nusu mita. Kama mteremko ungekuwa uleule shamba zima, kosa lingehama pamoja na kila mpito, yaani kila safari moja ya trekta kukata shamba, na nafasi kati ya mistari ingebaki sawa. Lakini vilima vyetu haviko hivyo. Mpito mmoja unapita penye nyuzi 10, unaofuata unapita penye nyuzi 4, na hapo mistari miwili inabanana au kuachana kwa sentimita 31. Mashimo nayo yana kosa lake: kama kati ya tairi na tairi kuna mita 1.5, tairi moja likitumbukia sentimita 15 antena inarushwa pembeni sentimita 30, yaani mara mbili ya kina cha shimo. Penye tuta la zamani au kichuguu kilichosawazishwa nusunusu, kifaa kitamwambia dereva akate kona isiyokuwepo.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe: je, kifaa hiki kinarekebisha mwinamo? Kifaa cha sentimita 20 chenye marekebisho hayo kitamfaa mkulima wa Mlali au Haubi kuliko cha sentimita 2 kisichokuwa nayo.

Marekebisho hufanywa kwa njia mbili. Ya bei nafuu ni kihisi kidogo cha mwinamo. Ya pili ni antena mbili zinazofungwa kushoto na kulia mwa kibanda. Hizi hupima mwinamo na pia huonyesha pua ya trekta inaelekea wapi hata ikiwa imesimama. Kwa mteremko mkali nashauri antena mbili, bajeti ikiruhusu. Trekta inayokata kilima hutembea kimshazari, pua imeelekezwa juu kidogo huku mwili ukiteleza chini, na antena moja hukisia uelekeo kutokana na mwendo tu. Kihisi nacho kina masharti. Kifungwe kwenye chuma kilichoshikamana na mwili wa trekta, si kwenye bati linalotetemeka. Kisha kisawazishwe: simamisha trekta mahali tambarare, chomeka vigingi kwenye nyayo za tairi za nyuma, soma namba ya mwinamo, geuza trekta, rudisha tairi za nyuma kwenye nyayo zilezile, soma tena. Namba mbili zisipokuwa sawa kwa kinyume, kwa mfano 1.5 upande mmoja na 1.5 upande wa pili, sifuri yako haiko mahali pake. Jambo linaloharibu kazi hii mara nyingi ni dogo kabisa: upepo wa tairi usiolingana. Pima upepo kwanza.

Sasa niseme kuhusu setilaiti zenyewe, maana hapo ndipo mnunuzi wa Dodoma anapouziwa vitu vya bara lingine. Vifaa vingi vimeandikwa kwamba vinapokea masahihisho ya bure ya WAAS au EGNOS, yaani ishara za kurekebisha vipimo vya setilaiti. WAAS ni ya Amerika ya Kaskazini, EGNOS ni ya Ulaya. Kwa shamba la Kibaigwa hazihesabiki. Bila masahihisho, kipokezi kizuri cha kilimo hushika mpito hadi mpito kwa sentimita 15 hadi 30 kama unarudi ndani ya robo saa hivi. Ukienda kula na kurudi, mstari umeshahama. Ukirudi kesho, tofauti yaweza kupita mita moja. Hiyo inatosha kwa kunyunyiza mbolea na kupiga dawa. Kwa kupanda na kurudi kupalilia kwa mashine haitoshi. Ulaya ilifungua Januari 2023 huduma ya setilaiti zake za Galileo inayoitwa HAS, ambayo ni ya bure na inafika dunia nzima. Ikishatulia kwa dakika kadhaa inalenga usahihi wa sentimita 20 hivi. Muulize muuzaji kama kipokezi kinasikia masafa ya E6, kwa sababu huduma hiyo hupita humo. Kama hajui, hujapata jibu la ndiyo.

Mfumo uitwao RTK ndio wenye sentimita 2 au 3. Unahitaji kituo cha rejea, yaani kipokezi cha pili kinachokaa mahali pamoja na kutuma masahihisho kwa trekta, kwa redio au kwa intaneti ya simu. Siku hizi kuna vipokezi vidogo kama ZED-F9P ya u-blox vinavyopunguza gharama sana, na programu huria ya AgOpenGPS inayotumika kwenye kompyuta ndogo ya Windows. Ni njia ya uhakika kwa fundi anayejua kuunga waya na kusoma ramani ya umeme. Asiye na fundi karibu asianze nayo wiki ya kupanda. Kituo kiwe juu ya kilima chenye uwazi pande zote, kwa sababu redio haivuki kilima na bonde la pili litabaki kimya. Matumizi ya redio yana taratibu za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zifuatwe kabla ya kuagiza. Na baada ya kituo kupata mahali pake, andika kuratibu zake, yaani namba za mahali kilipo, ndani ya kifaa zibaki hivyo. Kituo kinachojitafutia upya kila kinapowashwa kitakupa leo mistari iliyohama mita moja au zaidi kutoka ya jana, na kila mtu atalaumu setilaiti. Mguu wake ujengewe zege. Kamba ya mbuzi ikiusogeza, shamba zima limesogea.

Wapiga dawa wa jioni wanahitaji onyo lao. Dodoma ipo kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwenye ukanda ambao tabaka la juu la anga huvurugika baada ya jua kutua hadi karibu usiku wa manane, hasa Machi na Aprili, na tena Septemba na Oktoba. Mawimbi ya setilaiti huyumba na kifaa huruka au hupoteza mawasiliano. Kipokezi cha masafa mawili kinachosikia mifumo ya setilaiti ya GPS, GLONASS, Galileo na BeiDou hupunguza tatizo, hakiliondoi. Mistari ikianza kuruka saa mbili usiku, simamisha kazi badala ya kuufuata mstari wa uongo.

Programu nayo iwe na mistari ya kona, si mstari ulionyooka peke yake. Ukinyoosha mstari kutoka kilele hadi bondeni umechimbia mvua njia. Kondoa inajua gharama ya hilo: mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza mwaka 1973 kupambana na makorongo, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Endesha mpito wa kwanza ukifuata kontua, yaani mstari wa kimo kimoja ubavuni mwa kilima, kifaa kiurekodi, mipito mingine iufuate. Kona zikianza kubana kupita uwezo wa trekta kugeuka, rekodi mstari mpya. Kumbuka pia kwamba setilaiti hupima umbali wa mlalo, kama kwenye ramani, si wa juu ya ngozi ya mteremko. Kwenye mteremko wa asilimia 20, mashine ya dawa ya mita 12 itaacha ukanda wa sentimita 24 usioguswa, kwa hiyo andika upana wa mita 11.75.

Hata hayo yote yakiwa sawa, planta huteleza kuelekea bondeni, na kipokezi cha juu ya trekta hakioni. Kaza minyororo ya mikono ya nyuma. Panda mita 50 mahali pa mteremko wa kawaida, pima katikati ya mistari iliyopandwa imehama kiasi gani kutoka katikati ya nyayo za tairi za trekta. Tofauti unayoiona iingize ndani ya kifaa kama mhamo wa kulia au kushoto, na ukumbuke kwamba ukigeuza trekta bonde liko upande mwingine.

Usukani unaojiendesha wenyewe uacheni hadi tairodi na kingpini, yaani viungo vya usukani, zimekazwa. Mota haiwezi kushinda usukani unaocheza, na trekta isiyo na pawa stelingi kwenye mteremko ni mzigo wa hatari kwake. Taa za kumwongoza dereva zinatosha kuanzia. Anayefanya kazi ya plau peke yake asinunue chochote: tairi linafuata mfereji. Na anayetaka tu kujua ekari za kumlipa mwenye trekta ana simu tayari, kwa shamba la ekari 5 kwenda juu. Ekari ni mita za mraba 4,047. Ile 70 kwa 70 yetu ni sahihi kwa hatua za mtu mzima. Anayeipima kwa mita amejipa 4,900, na mwenye trekta amelima zaidi ya alicholipwa.

Ushauri wangu kwa AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, za wilaya hizi ni kuchangia kituo kimoja cha rejea kwa kila kundi la vijiji vinavyoonana na kilima kimoja, kila mwenye trekta ajinunulie kipokezi na kihisi cha mwinamo. Kabla ya kulipa, muuzaji aje na kifaa shambani, apite ubavuni mwa kilima mipito minne, na mpime kwa futikamba kati ya nyayo za tairi, si kwenye kioo chake.

Fundi wa zana za kilimo,
Kongwa, Dodoma