Fedha za shemeji: zawadi au deni?

Ndugu Mhariri,

Salaam. Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Tanga, na ninaishi na mume wangu Columbus, Ohio. Mwaka 2021 tulinunua nyumba ya dola 220,000 kwa mkopo wenye dhamana ya FHA, wakala wa serikali ya Marekani ambao haukopeshi wenyewe bali humkatia bima mkopeshaji, ili mnunuzi akishindwa kulipa, hasara isimwangukie mkopeshaji huyo. Kwa dhamana hiyo tulitakiwa kutanguliza asilimia 3.5 tu, yaani dola 7,700, nazo hatukuwa nazo. Alizitoa kaka mkubwa wa mume wangu, anayeishi Houston.

FHA inaruhusu ndugu kutoa kianzio, ila lazima atie saini barua inayosema kwamba fedha hizo ni zawadi na hazitarudishwa. Shemeji alitia saini, akaipiga picha barua ikiwa bado mezani kando ya kikombe cha chai, akatutumia; kisha usiku uleule akampigia mume wangu simu akamwambia, "Hiyo karatasi ni ya benki, sisi tunajuana." Tumekwisha kumrudishia dola 2,000.

Mwaka jana mume wangu, ambaye ni dereva wa lori, aliumia mgongo. Bili za hospitali na madeni ya kadi yametuelemea, na rejesho la nyumba limelala miezi minne. Wakili anatushauri tufungue shauri la kufilisika chini ya Sura ya 13 ya sheria ya Marekani ya kufilisika, ambayo husimamisha mnada wa nyumba na kuturuhusu kulipa malimbikizo kidogo kidogo kwa miaka mitatu hadi mitano, huku rejesho la kila mwezi likiendelea. Sura ya 7 ingefuta madeni ya kadi na hospitali upesi zaidi, lakini rehani ingebaki juu ya nyumba vilevile. Na tukiikosa nyumba, kwa kawaida FHA hungoja miaka miwili tangu madeni kufutwa, au mitatu tangu mnada, ndipo ikubali kudhamini mkopo mwingine.

Hadi hapo sina ubishi na wakili. Kinachoninyima usingizi ni fomu za mahakama, ambazo zinataka kila anayetudai aandikwe, ndugu wakiwemo, pamoja na malipo tuliyowapa ndugu katika mwaka mmoja uliopita, na tunazitia saini kwa kiapo. Nikimwandika shemeji, nakiri kwamba barua ya zawadi haikuwa ya kweli, na kumdanganya mkopeshaji katika mkopo wa namna hii ni kosa la jinai. Nisipomwandika, nitakuwa nimeapa uongo. Isitoshe, dola 1,200 kati ya zile 2,000 tulimlipa mwaka huu, na msimamizi aliyeteuliwa kwenye shauri anaweza kumdai azirudishe.

Mume wangu anasema tunyamaze, kwani kwa mujibu wa karatasi hatudaiwi. Mimi naona karatasi hiyohiyo ndiyo iliyotufikisha hapa, ingawa nakiri kwamba siku ile nilifurahi kuiona.

Wakili bado hajui lolote kuhusu jambo hili, na miadi yetu ni wiki ijayo. Je, nimweleze hata kama mume wangu hajaridhia, ilhali shauri ni letu sote wawili? Na kwa kuwa kila mdai aliyeandikwa hupelekewa taarifa kwa posta, nani amwambie shemeji kabla bahasha ya mahakama haijamfikia?

Wenu,
Mama Watatu,
Columbus, Ohio