Mlituambia tuchague shilingi, tumerudi Dubai na hasara

Kwako Meneja wa Tawi, Kisumu

Habari ya kazi. Mimi ni mteja wenu kwa miaka tisa sasa na ni mweka hazina wa chama cha akina mama wanane hapa Kisumu, akaunti ya chama iko kwenu na kadi tunazobeba ni zenu. Naandika kuhusu pesa zilizotupotea Dubai mwezi wa Desemba. Hatukuibiwa na mtu, hatukuangusha pochi, tulipoteza kwa kufuata maneno tuliyoambiwa kwenye kaunta yenu, na hilo ndilo linaniuma.

Hii safari haikuja kwa siku moja. Tulianza kuweka elfu moja kila wiki mwanzoni mwa 2024, ule wakati dola ilikuwa imepita 160 na kila mtu anatuambia nyinyi mnaota. Kati yetu kuna muuza omena wa Kibuye, kuna mwalimu, kuna wawili wana vibanda vya nguo Kondele, mimi ni fundi wa nguo, na hakuna hata mmoja alikuwa amewahi kupanda ndege kutoka nje ya Kenya. Dola ikashuka mpaka 129 ikatulia hapo, tukashukuru Mungu kwa sababu ile akiba yetu sasa ilikuwa inanunua zaidi. Wiki mbili kabla ya kusafiri nikaja kwa tawi lako kuuliza, kwa sababu pesa ya watu haichezewi, na nilikuja na daftari nikaandika kila kitu.

Niliuliza mambo mawili. La kwanza, mnauza dola ngapi na mnakata nini. Yule dada wa kaunta akasema, "Mama, sisi hatukati kamisheni." La pili, tukilipa kwa kadi huko itakuwaje. Akasema mashini itawauliza mnataka kulipa kwa pesa ya huko au kwa shilingi ya Kenya, chagueni shilingi ndio mjue mnalipa ngapi. Nikiwa nje bado sijaridhika nikapigia kastoma kea, na huyo naye akasema hivyo hivyo. Nikaandika tarehe na saa. Kikao cha Jumapili nikawasomea wenzangu, nikawaambia benki imesema shilingi, msisahau, shilingi.

Sasa tuanze na hiyo ya kamisheni. Nilinunua dola 800, noti nane za mia mia, kila mama noti yake ya dharura. Mliniuzia kwa 134.80, yaani shilingi 107,840. Siku hiyo reti ya Benki Kuu ilikuwa 129 na senti, na duka la kubadilisha pesa lenye leseni hapo hapo mjini, nilikuja kujua baadaye, lilikuwa linauza 130.50, ambayo ingekuwa 104,400. Tofauti ni 3,440. Mimi naelewa hakuna mtu anauza dola bure, lazima mpate kitu, ile nafasi kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza ndio faida yenu na hiyo sina neno nayo. Lakini mtu akiniambia hakuna kamisheni mimi nasikia hakuna gharama, na gharama ilikuwepo, ilikuwa ndani ya reti. Angesema tu "tunauza 134.80 na reti ya Benki Kuu leo ni 129" ningejua la kufanya.

Na hizo noti zenyewe. Noti mbili zilikuwa za zamani, hazina ule utepe wa bluu unaopita katikati, ulioletwa 2013. Hapa sikujua kama ni shida. Deira, mtaa wa hapo Dubai, kwa duka la kwanza la kubadilisha pesa, yule mzee alizipanga noti zote nane juu ya kioo, akazipitisha kwenye taa moja moja, hizo mbili akazisukuma zikarudi kwangu kwa kidole kimoja bila kusema kitu. Duka la pili alinipa dirhamu 340, hiyo ndiyo pesa ya huko, kwa kila moja, na zile zingine sita nilipata 365. Marekani yenyewe haijafuta noti zake za zamani, ni pesa halali, lakini kwa hayo maduka noti kuukuu au yenye doa au mkunjo ni kukataliwa au kupunguziwa, na benki inayouzia watu dola za safari inajua hilo kuliko mimi fundi wa nguo. Mngenipa mpya ama mniambie nikague kabla sijaondoka kwa kaunta.

Nakuja kwa kadi, hapa ndio tuliumia.

Hoteli ilikuwa Deira, vyumba vinne usiku tano, dirhamu 220 kwa chumba, pamoja na ile ada ya utalii ambayo walitutoza dirhamu 10 kwa kila chumba kila usiku, jumla dirhamu 4,600. Mimi ndio nilipe ya wote halafu turekebishane nyumbani. Pale risepsheni yule kijana akaingiza kadi, mashini ikaonyesha mistari miwili, juu AED 4,600 na chini KES 172,040, akanigeuzia nibonyeze mwenyewe. Wenzangu saba wamesimama nyuma yangu na mizigo. Nikakumbuka daftari. Nikabonyeza shilingi. Kabla sijarudisha kadi kwa pochi simu ikalia, meseji yenu, mmekata 172,040, halafu nyingine, mmekata 4,301 za muamala wa nje. Jumla 176,341. Nikafikiri ndio bei ya huko, nikanyamaza.

Siku tatu hivyo. Sisi sote tukawa tunalipa shilingi, supamaketi shilingi, chakula shilingi, hata ATM ikiuliza tunasema shilingi. ATM nayo nilitoa mara nne dirhamu mia mbili mbili kwa kuogopa kubeba pesa nyingi, na kila mara kuna chaji yake ile ile, ningetoa mara moja mia nane ingekuwa chaji moja. Hiyo najilaumu mwenyewe, siwawekei nyinyi.

Siku ya nne mimi na mwalimu tukanunua mabegi ya safari, mawili yanayofanana, dirhamu 180 kila moja, duka moja, kadi za benki yenu zote mbili. Mimi nikalipa kwanza nikabonyeza shilingi kama kawaida. Mwalimu hakuwa na miwani, akabonyeza wa juu. Meseji zikaingia tukaweka simu mbili pamoja juu ya begi. Yangu na makato yenu yote ni 6,900. Yake na makato yenu yote ni 6,504. Begi lile lile, benki ile ile, hata dakika kumi hazijapita. Mwalimu akaniangalia akasema, "Yawa, mweka hazina, hii ni nini?" Na mimi sikuwa na jibu.

Aliyetueleza ni kijana wa Kakamega anayefanya kazi kwa hilo duka. Alisema ukichagua shilingi, anayebadilisha pesa si benki yako tena, ni huyo mwenye mashini pamoja na benki ya huko, na wanaweka reti yao wenyewe yenye faida yao ndani. Ukichagua pesa ya nchi uliko, inabadilishwa kwa reti ya kampuni ya kadi, ambayo huwa karibu na reti ya soko, halafu benki yako inakata chaji yake. Akasema mama, kila siku naona watu wa nyumbani wakibonyeza shilingi na mimi sina ruhusa ya kuwachagulia. Alitueleza kwa dakika mbili akiwa anafunga begi kwa nailoni.

Jioni nikakaa kitandani na kalamu. Dirhamu imefungwa kwa dola tangu 1997, dola moja ni dirhamu 3.6725, haipandi haishuki, kwa hivyo hata hesabu si ngumu, ukijua dola ni 129.20 basi dirhamu ni shilingi 35 na senti 18. Hoteli nililipia kwa 37.40 kabla ya chaji yenu. Kwa ile reti ya begi la mwalimu, na chaji yenu ikiwa ndani, hoteli ingekuwa kama 166,200. Nimelipa 176,341. Ni zaidi ya elfu kumi kwa kubonyeza mara moja tu, na hapo sijaweka ya wale wengine sita waliokuwa wananifuata mimi. Siku ya mwisho tulikuwa tumepanga kupanda Burj Khalifa, muuza omena wetu ndiye alikuwa ameisema tangu kikao cha kwanza, ile ya mita 828, yeye alitaka kusimama juu aone. Pesa haikutosha. Tuliiangalia kutoka chini tukapiga picha tukaenda kuvuka Creek, ule mkono wa bahari unaopita katikati ya mji, kwa mashua ya dirhamu moja. Hakulalamika hata kidogo, na mimi ndio nilishindwa kumwangalia usoni.

Najua utasema hiyo faida ya mashini haikuingia kwenu, ilibaki huko. Ni kweli, na sitaki kuwasingizia. Lakini ushauri ulitoka kwenu, mara mbili, kaunta na simu. Na kuna hii nyingine ambayo iliingia kwenu: hizo 4,301. Muamala ulikuja kwenu tayari ni shilingi, hamkubadilisha pesa yoyote, sasa hiyo asilimia 2.5 ni ya kazi gani? Nimesoma karatasi niliyopewa wakati wa kuchukua kadi mbele na nyuma, imeandikwa chaji ya kubadilisha fedha za kigeni. Shilingi ya Kenya si fedha ya kigeni Kisumu.

Dada yangu mkubwa anafanya biashara ya nafaka Busia. Pale boda wale wabadilishaji wamekaa na viti vyao na mabunda ya pesa ya Uganda, na dada haulizi "mnakata kamisheni," anauliza "unanunua ngapi, unauza ngapi?" Jamaa anataja zote mbili hapo hapo, dada akiona pengo ni kubwa anasonga kwa anayefuata. Mtu ambaye hajaingia hata ofisi anataja bei mbili kwa sauti. Mimi niliuliza ndani ya benki, nimekaa kwa kiti, na sikuambiwa.

Katiba ya 2010 Kifungu cha 46 inasema mteja ana haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu kile anachonunua. Mimi habari niliitafuta kwa miguu yangu kabla ya kusafiri, hamwezi kusema sikuuliza.

Ninachotaka ni hiki. Mnirudishie hizo 4,301 za hoteli na kila chaji ya namna hiyo kwa kadi zetu nane kwa muamala uliokuja kwenu ukiwa shilingi tayari, stetimenti mnazo nyinyi wenyewe. Mtulipe tofauti ya hoteli kwa sababu ya ushauri mbaya, na simu ya kastoma kea nasikia huwa mnarekodi, isikilizeni, tarehe na saa nimeambatanisha. Zile dirhamu 50 za noti kuukuu pia nazidai, ni kama 1,800 hivi. Ya 134.80 siidai, nilikubali bei na nikasaini, ila bandikeni pale kaunta bei ya kununua na ya kuuza na reti ya Benki Kuu ya siku hiyo, kwa maandishi makubwa mtu wa miwani aone. Na yule dada wa kaunta tafadhali asifukuzwe kazi, alinihudumia kwa heshima sana na nadhani alisema alichofundishwa, mfundisheni upya yeye na wa simu, maana Aprili shule zikifungwa kuna vyama vingine viwili ninavyovijua vinaenda Zanzibar na Kampala na kadi zao ni zenu.

Nasubiri jibu la maandishi kwa siku kumi na nne, si meseji ya "tumepokea malalamiko yako." Zikipita bila jibu nitapeleka barua hii Benki Kuu ikiwa na risiti zote. Kikao chetu kijacho ni Jumapili ya mwisho wa mwezi na lazima nisimame niwaeleze wenzangu hesabu ilivyoenda, kwa hivyo Jumanne asubuhi nitakuja hapo na daftari, simu ya mwalimu na ile karatasi ya chaji, naomba unitengee nusu saa.

Wako,
Mweka hazina wa chama
Kisumu