Kioo cha Kompyuta Kikijibonyeza Chenyewe, Zima Tachi Kwanza

Wateja wengi wanaotufikia hapa Ngamiani, Tanga, wakiwa na kompyuta mpakato yenye kioo cha kugusa, huja wamekwisha kuamua nyumbani kwamba kioo kimekufa na kwamba kilichobaki ni kuulizia bei ya kingine. Tunawaomba, kabla ya kutoa hata shilingi moja, wazime kwanza tachi, yaani ule uwezo wa kioo kupokea kidole, kwa sababu kazi hiyo haihitaji bisibisi, humalizika kwa dakika chache, na mara nyingi ama huondoa tatizo lenyewe ama hutuonyesha mahali lilipojificha.

Mwalimu mmoja alituletea mashine akiwa amekata tamaa. Kila alipojaza alama za wanafunzi kwenye jedwali, mshale uliruka wenyewe hadi kona ya juu kulia, na kwa kuwa kona hiyo ndiyo yenye alama ya kufunga dirisha, jedwali likawa linamuuliza kila mara kama ahifadhi kazi na kufunga. "Fundi, kuna mtu ameingia kwenye mashine yangu kwa mbali," alisema, na tayari alikuwa amebadilisha nywila zake zote. Tulipoiinamisha mashine kwenye mwanga wa mlangoni tuliona ufa mwembamba kama unywele, mfupi kuliko ukucha, umeanzia kwenye kona ileile. Picha ilikuwa safi na rangi hazikuwa na doa. Lililoumia ni tabaka la tachi peke yake. Tulilizima, naye akakaa palepale akajaza alama hadi jina la mwisho bila mshale kuyumba.

Kioo cha kugusa cha kompyuta za siku hizi hakipimi uzito wa kidole. Nyuma ya kioo kuna wavu wa njia nyembamba za umeme zisizoonekana kwa macho, na kidole, kwa kuwa mwili wa binadamu hupitisha umeme, hubadilisha hali ya umeme pale kinapogusa. Kifaa kidogo cha ndani husoma badiliko hilo na kuiarifu kompyuta mahali lilipotokea. Kwa hiyo tone la maji, jasho au unyevu wenye chumvi unaweza kusomwa kama kidole, na ufa unaokata njia hizo unaweza kukifanya kifaa hicho kihisi miguso isiyokuwepo. Sisi wa pwani tunaishi na unyevu huo mwaka mzima. Kama mashine yako haina ufa, izime, pangusa kioo kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo sana, hasa kwenye kingo ambako uchafu hujikusanya, kisha uiwashe na uitazame tena.

Kuna sababu nyingine ambayo watu hawaifikirii, nayo ni chaja. Soketi zetu ni za matundu matatu, na lile la juu ni la waya wa ethi, yaani ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Tunaona chaja nyingi za bei nafuu zenye pini mbili tu, ambazo wenyewe huziingiza kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu ili vifuniko vya ndani vifunguke. Tabia hiyo ni ya hatari kwa maisha, na tunamsihi kila anayeifanya aiache leo. Mbali na hatari hiyo, chaja isiyo na ethi na isiyochuja umeme vizuri huweza kupeleka vurugu za umeme hadi kwenye kioo, na tachi ikazisoma kama vidole. Kipimo chake ni chepesi: chomoa chaja, tumia betri kwa dakika tano, na ikiwa mshale umetulia, kioo chako ni kizima na cha kubadilisha ni chaja.

Ikiwa hata kwa betri mshale unaendelea kuruka, zima tachi. Kwenye Windows 10 na Windows 11, bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi X, kisha uchague "Device Manager". Katika orodha itakayofunguka tafuta "Human Interface Devices", uifungue, na ndani yake utaona "HID-compliant touch screen". Bofya jina hilo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Disable device", na ukubali unapoulizwa. Kwa kawaida tachi hukata papo hapo, huku kibodi, tachipedi (kile kibao cha kuburuza kidole kilicho mbele ya kibodi) na kipanya vikiendelea kufanya kazi. Mashine ikikataa, huenda akaunti unayotumia haina mamlaka ya msimamizi. Na ikiwa kioo kinakuvuruga kiasi kwamba huwezi kubofya kitu, tumia vitufe vya mishale kushuka kwenye orodha, mshale wa kulia kufungua kundi, na Shift pamoja na F10 kuleta menyu.

Tafadhali soma jina lote kabla ya kubofya. Kundi hilo lina majina mengi yanayofanana, na mengine ni ya tachipedi au ya vitufe, ambavyo ukivizima utabaki huna pa kushika. Baadhi ya mashine huonyesha majina mawili ya kioo cha kugusa, na hapo unazima yote mawili. Siku ukitaka kuirudisha tachi, njia ni ileile, ila utachagua "Enable device". Sasisho kubwa la Windows nalo linaweza kuiwasha bila wewe kujua, hivyo usishtuke tatizo likirudi. Rudia hatua hizo. Mwenye tableti isiyo na kibodi asijaribu kabisa kabla ya kuchomeka kipanya na kibodi na kuhakikisha vinafanya kazi.

Kwa mwenye ufa usioharibu picha, tunaona ni haki kumwambia kwamba anaweza kuendelea hivyo kwa muda mrefu. Katika mashine nyingi kioo cha juu na kile kinachotoa picha vimegandishwa pamoja, kwa hiyo kubadilisha kioo cha juu maana yake ni kununua vyote viwili, gharama isiyo ya lazima kwa mtu ambaye kazi yake yote ni ya kuchapa.

Ikiwa umeizima tachi na mshale bado unaruka, kosa haliko kwenye kioo. Itazame tachipedi: ikiwa imeinuka au haibonyei, huenda betri iliyo chini yake imevimba. Hapo usichaji tena, zima mashine, usiichokonoe wala kuibana, na uilete mapema.

Kuzima tachi hatutozi fedha, na unaweza kusubiri hapohapo dukani. Njoo na chaja unayoitumia kila siku, hata kama betri imejaa, kwa sababu ndiyo tutakayoipima kwanza.